Taa Nyekundu za Upande wa Mlima

Mke wangu hajui kupita kwenye barabara mbovu akanyamaza. Siku ya ndoa yetu, tukiwa bado mlangoni pa kanisa tunapigwa picha, aliinama na gauni lake jeupe akachungulia mfereji ulio pembeni ya ngazi, kisha akaninong'oneza kwamba maji ya mvua hayatapita pale, yatarudi ndani. Nikamwambia, "Wivine, cheka, batu banatuona." Akacheka, lakini macho yakabaki kwenye mfereji. Mvua kubwa ya kwanza ilipokuja, maji yaliingia kanisani mpaka kwenye viti vya wanakwaya. Tangu siku ile sibishani naye habari za maji, mawe wala mteremko. Mambo mengine yote tunabishana.

Mimi naitwa Havugimana, seremala mwenye karakana mtaa wa Ndosho. Natengeneza milango, vitanda na chukudu, zile baiskeli nzito za mbao tunazobebea makaa na viazi. Watu wakisikia kwamba mke wangu ndiye aliyesimamia kujengwa upya kwa njia ya ndege ya Goma, ile ambayo sote tunaiita piste, pamoja na taa zake, hutazama mikono yangu iliyojaa gundi kisha huuliza, "Ule Mama Chef, ni bibi yako kweli?" Ni bibi yangu kweli, huyo mkubwa wa kazi. Picha ninazo, na mfereji unaonekana ndani yake.

Naandika habari zake kwa sababu yeye mwenyewe hataziandika. Ukimwuliza amefanya nini maishani, atakujibu kwamba amemwaga kokoto. Na mimi, mtu wa kununa haraka na kusifu polepole, nimekaa na mshangao huu kifuani muda mrefu mno.

Anayeishi Goma hahitaji kuelezwa mlima, lakini wewe wa mbali nikueleze. Nyiragongo iko kaskazini, na kiwanja cha ndege kiko katikati yake na sisi. Januari ya 2002 mlima ulipasuka ubavuni. Moto ukashuka mchana kweupe, ukapita juu ya ncha ya piste, ukaukata mji vipande viwili, ukaingia ziwani. Ulipopoa ukawa jiwe jeusi lenye makali, na sisi tukajenga juu yake. Nyumba yetu ya mtaa wa Murara imesimama juu ya nyumba ya mtu mwingine ambayo hakuna atakayeiona tena. Nyundo ikinidondoka sakafuni huwa nasimama kidogo nasikiliza, na sijui nasikiliza nini.

Piste nayo ilibaki fupi. Miaka ikapita, jiwe likaondolewa kipande kwa kipande, lakini kipande cha mwisho, kile cha juu kabisa kinachoelekea mlima, kilikuwa bado. Hicho, na lami mpya na taa mpya kutoka mwanzo hadi mwisho, ndivyo vilivyomwangukia Wivine. Nasema vilimwangukia, kwa sababu ya baba yake.

Baba mkwe wangu Baharanyi sikumkuta hai. Alikuwa mtu wa Walungu, upande wa Bukavu, aliyefuata kazi Goma akaipata ile ambayo watu wakiambiwa hucheka: alikuwa akifukuza mbuzi kwenye piste. Usicheke. Wakati ule uzio ulikuwa na matundu, watu wa Majengo, mtaa ulio kando ya kiwanja, walikatisha katikati ya piste wakienda sokoni, na mbuzi walipenda kulala kwenye lami kwa sababu ilikuwa na joto. Ndege ikisikika nyuma ya mawingu, Baharanyi alitoka na filimbi yake akaisafisha njia, kisha akasimama pembeni na kofia mkononi mpaka ndege ipite. Mama Nshobole, mama mkwe wangu, husema kwamba siku zake ndege haikuwahi kugusa hata sikio la mbuzi.

Siku ya moto alimvusha mke wake pamoja na Wivine, ambaye alikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Aliwapitisha kwenye tundu la uzio, wakakata piste mpaka ng'ambo. Kisha akageuka. Nyuma kulikuwa na watu wengine wanaolia na kulitafuta lile tundu, na moshi umewaziba macho. Akamwambia mke wake, "Pita na mutoto. Ninakuya." Akarudi anapiga filimbi ili watu waifuate sauti. Waliifuata. Hadi leo Majengo wako watu wazima wanaosema waliokolewa na filimbi. Mama Nshobole aliisikia, akaisikia tena, kisha hakuisikia.

Kwetu mtu akifa, mjane anavaa nyeusi. Siku ikifika, ndugu wanakutana, wanasali na kupika, wanamvua ile nyeusi na kumvika kitenge cha rangi. Ndiyo kuondoa matanga, na baada ya hapo anaruhusiwa kurudi kuishi. Mama Nshobole alikataa. Padri alikwenda, shemeji zake walitoka Walungu wakaenda, kina mama wa jumuiya wakaenda na sufuria zao kabisa. Aliwapa wote jibu moja: "Mutu alisema anakuya. Munataka nimuzike namna gani?" Wakarudi na sufuria zao. Mimi nilipoingia katika familia ile nilimkuta na nyeusi, nikamwoa binti yake yeye akiwa na nyeusi, mtoto wetu Joviale akazaliwa akapakatwa kwenye nyeusi. Alijenga nyumba ya mbao palepale Majengo, karibu na uzio, mlango ukitazama kaskazini, wakati kila mwenye akili Majengo anaelekeza mlango wake upande wa ziwa.

Mlima ukatoka tena Mei ya 2021. Safari ile nilimbeba mimi mwenyewe kwenye pikipiki kwa nguvu, akinipiga mgongoni njia nzima mpaka Sake. Moto ukasimama kabla haujafika kiwanjani. Tuliporudi alisema maneno mbele yangu na mbele ya Wivine, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi: "Mara mbili nimemukimbia bwana yangu. Ikitoka tena, mutu asiniguse. Nitaenda kumupokea." Wivine alitoka nje akalia. Mimi nilikasirika, kwa sababu mgongo ulikuwa bado unaniuma na kwa sababu nilijua hasemi kwa kutania.

Sasa uelewe ilikuwaje Wivine alipoambiwa kwamba yeye, aliyesomea ujenzi hapahapa mjini na kumaliza ujana wake kwenye barabara za Masisi akiwa na matope mpaka magotini, ndiye atakayesimamia kuvunja jiwe lile. Hakufurahi. Alikaa mezani, akala viazi vyake vimeshapoa, kisha akaniomba nimsindikize Majengo.

Tulimkuta mama anachambua maharagwe. Wivine akapiga magoti pembeni yake, akaanza kuchambua naye.

"Mama, wamenipa kazi ya kuvunja lile jiwe la kule juu."

Mama Nshobole hakuinua kichwa. Mikono iliendelea.

"Kama utakataa, nitawaambia batafute mwingine," Wivine akasema.

"Mwingine atavunja na roho gani?" mama akauliza. "Vunja weye. Lakini ukimuona, uniite miye kwanza, mbele ya polisi."

Basi akavunja. Na hapa ndipo mshangao wangu ulipoanza, kwa sababu mpaka wakati ule nilidhani kujenga piste ni kumwaga lami tu, kama unavyopaka rangi mlango. Kila asubuhi, kabla mashine haijauma jiwe, Wivine alitembea peke yake juu ya kipande kitakachovunjwa siku hiyo. Alitembea polepole, akiinama, akichungulia kwenye nyufa. Madereva wa mashine walinung'unika kwamba Mama Chef anawachelewesha. Mkubwa mmoja wa kampuni, ambaye simtaji jina, akamuuliza kama anatafuta dhahabu. Wivine akamjibu kwamba anatafuta mtu. Yule bwana akavua kofia, na sikusikia tena amemharakisha.

Hakumpata. Nataka uelewe hivyo mapema usije ukakaa unangoja. Siku moja alinipigia simu karakanani akasema njoo. Nilikimbia nikifikiri amempata. Alinipeleka kwenye shimo la duara ndani ya jiwe, refu kama mtu, lenye kuta laini. "Hapa palikuwa muti," akaniambia. "Moto uliuzunguka, ukapoa, muti ukaungua ndani, ikabaki nafasi yake." Nikaingiza mkono. Mimi ni mtu wa mbao. Nimeshika miti maisha yangu yote. Ndani ya jiwe lile vidole vyangu viligusa maganda ya mti, kila mkunjo na kila kifundo mahali pake, na mti wenyewe haupo. Nilivua kofia nikasimama pale sijui nifanye nini na miguu yangu.

"Kwa nini umeniita?" nikauliza.

"Nilitaka mutu mwingine aone," akasema. "Niliogopa kuona peke yangu."

Mawe yaliyovunjwa hayakutupwa. Huku hatutupi jiwe la mlima. Tunajengea ukuta, vyoo, makaburi. Wivine aliyapeleka kwenye mashine ya kusaga, yakawa kokoto, na kokoto ile ndiyo ikamwagwa, ikashindiliwa, ikawekwa lami juu yake. Jiwe lililoimeza piste likawa piste. Nilipoambiwa nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Wivine alikwenda kumweleza mama yake, maana hamfichi kitu.

"Kwa hiyo baba yako iko mule ndani," mama akasema.

"Sijui, mama. Siwezi kusema kitu sikijui."

"Sikukuuliza. Miye najua."

Akaendelea kuvaa nyeusi na kukaa mlangoni akitazama kaskazini, na Wivine akaendelea na kazi yake. Lakini nilimwona mke wangu amekonda. Jioni alikuwa akisimama nyuma ya nyumba yetu, mikono kiunoni, anatazama upande wa Majengo. Aliwahi kuniambia wazi kwamba piste itakwisha, watu watampongeza, ndege zitatua, na mama yake atakuwa bado amekaa mlangoni, akingoja mlima umpe ruhusa ya kwenda. Hicho tu ndicho alichotaka kutoka kwenye kazi ile yote, mama yake arudi kuishi. Na hakujua namna ya kukipata kwa kokoto.

Zikabaki taa. Alinieleza mpangilio wake nikiwa napiga msasa kitanda cha mteja mwenye haraka. Nyeupe pande zote mbili za piste. Nyekundu kwenye ncha ya juu, kumwambia rubani anayeondoka kwamba njia imeishia hapa. "Lakini ile nyekundu ina uso mwingine," akaanza kusema, nami nikamkatiza kumwomba anishikie ubao. Akanishikia ubao, na habari ya uso mwingine ikapotelea hapo.

Taa zilipangwa kujaribiwa Alhamisi moja, jua likizama. Wivine hakutaka kumshtua mtu. Alizunguka kwa wakuu wa mitaa, akapeleka tangazo radioni, likasomwa kanisani Jumapili baada ya misa: wananchi wasiogope, Alhamisi jioni taa za kiwanja zitawaka. Alifikiria kila kitu. Alifikiria mpaka mbwa. Kitu kimoja tu hakukisema, kwamba baadhi ya taa ni nyekundu. Mahali pengine popote duniani kosa hilo lisingekuwa kosa. Goma, wekundu kaskazini jua likizama una maana moja tu, na hakuna tangazo la kanisani litakaloibadilisha. Mtoto wa moto mwenyewe, binti wa Baharanyi, alisahau.

Mchana ule ardhi ilikuwa imetikisika kidogo, kama inavyotikisika mara nyingi, na hakuna aliyeacha kazi yake. Jioni mawingu yalishuka chini mpaka mlima wote ukapotea. Nilikuwa nafunga karakana nilipomwona mama mmoja anapita mbio na godoro kichwani. Nyuma yake mwingine na kuku wawili. Kisha mwanamume amebeba televisheni. Sikuhitaji kuuliza, ila niliuliza.

"Volkano imetoka! Tazama!"

Nikatazama. Chini ya mawingu, upande ule ule, kulikuwa na mstari mwekundu, na ukungu juu yake umekuwa mwekundu. Joviale alikuwa kwa shangazi yake Rutshuru, kwa hiyo wazo langu lilikuwa moja tu. Mama Nshobole. Ameshatoka. Anakwenda kumpokea.

Nilimwomba mwendesha pikipiki mmoja anipeleke Majengo. Akanitazama kama mwenda wazimu. "Papa, ata unipe nyumba yako, siendi kule." Wa pili hakusimama hata kunitukana. Nikachukua pikipiki ya jirani yangu fundi wa kulehemu, ambaye alikuwa amekimbia akaacha ufunguo humo humo. Mimi sijui kuendesha vizuri. Najua gia mbili, na breki naikumbuka kwa kuchelewa. Watu wote walikuwa wanashuka, mimi peke yangu napanda, nikipiga honi na kuomba radhi na kutukana, yote kwa pamoja.

Simu ikaita. Wivine.

"Papa Joviale, batu banakimbia nini? Ninaona batu pembeni ya uzio na magodoro!"

"Weye uko wapi? Volkano imetoka! Toka huko!"

"Volkano gani? Niko ninatazama mulima, umenyamaza. Ni taa zangu!"

Nikasimamisha pikipiki. Au ilizimika yenyewe.

"Zile nyekundu," nikasema.

Nilisikia anavuta pumzi. Kisha tukasema neno moja kwa wakati mmoja: "Mama."

Yeye alikuwa kwenye nyumba ya mitambo ya umeme, upande wa chini, karibu na mji, na piste nzima ilikuwa katikati yake na mama yake. Akaniambia niende kwenye lango la juu, lile la malori ya mawe, na nichunge, kwa sababu mifereji ya nyaya kule ilikuwa bado wazi na mtu mzee akianguka mle atavunjika. Halafu akasema, "Ngoja kwanza nibaambie batu."

Sikuelewa atawaambiaje watu nusu ya mji. Nikaelewa mara moja. Mbele yangu wekundu wote wa kaskazini ulizimika. Ukawaka. Ukazimika. Ukawaka tena. Barabara nzima ilisimama. Yule wa televisheni akaishusha chini. Mama mmoja akashika kiuno, akatazama, akasema kwa hasira kubwa, "Volkano gani inakonyeza batu namna hii?" Mwingine akaanza kucheka, kicheko kile cha kukaribia kulia, na kikapita kwa watu kama mvua inavyopita kwenye mabati. Mke wangu, peke yake mbele ya swichi, alikuwa ameushika mji mkono na kuurudisha nyumbani. Nilimjivunia, nikaiwasha pikipiki tena.

Nilifika kwenye lango la juu nikalikuta wazi. Mlinzi Twagirimana, mtu ambaye kila siku alikuwa akijisifu kwamba haogopi hata jeshi, alikuwa amekimbia na kuacha kiti, koti na redio inayoendelea kuimba. Viatu vyangu vilikanyaga kokoto mpya. Nikamwona mama.

Alikuwa amekwishaipita mifereji, Mungu anajua vipi. Alikuwa amezipita hata zile taa. Zilipangwa kwa mstari kwenye ncha ya piste, nyekundu, zinawaka sasa bila kukonyeza, na yeye alikuwa ng'ambo yake, juu ya jiwe jeusi ambalo halikuvunjwa, na nguo yake nyeusi na rozari mkononi. Alikuwa ameupa mlima mgongo. Alikuwa amesimama anatutazama, na uso wake haukuwa mwekundu.

Gari la Wivine lilikuja mbio kwenye piste, likasimama, akaruka nje kabla halijatulia. Akataka kukimbia kwa mama yake. Mama Nshobole akainua mkono.

"Simama palepale," akasema. "Hii taa weye unaiona rangi gani?"

"Nyekundu, mama. Unisamehe. Nilisahau kusema ni nyekundu. Haiko moto, mama, ni taa tu."

"Naona ni taa, siko kipofu. Papa Joviale, na weye?"

"Nyekundu, mama," nikasema.

"Kuyeni huku."

Tukapita katikati ya taa, mimi na Wivine, tukakanyaga jiwe, tukasimama pembeni yake, tukageuka. Zilikuwa kijani. Mstari mzima, kutoka pembe hadi pembe, ulikuwa wa kijani kibichi, na nyuma yake taa nyeupe mistari miwili zinashuka, zinashuka mpaka chini mjini, mpaka karibu na ziwa. Sikuwa nimeona kitu kama kile. Nilikuwa nimeishi Goma maisha yangu yote na sikuwahi kuuona mji kutoka upande wa mlima, jinsi unavyoonekana kwa anayekuja.

"Eleza," mama akasema.

Wivine akajipangusa macho kwa mkono wenye vumbi. "Ni taa ile ile, mama, ina nyuso mbili. Mwenye kuondoka anaona nyekundu, ajue njia imeisha. Mwenye kutoka huku mulimani anaona kijani. Inamwambia njia inaanza hapa. Ingia."

"Mwenye kutoka huku."

"Ndiyo, mama."

"Ata kukiwa giza?"

"Ata kukiwa giza. Giza ndo kazi yake."

"Ata kukiwa ukungu?"

Mwingine yeyote angemdanganya. Mke wangu akafikiri. "Ukungu kidogo, ndiyo," akasema. "Ukungu mwingi sana, hapana."

Mama Nshobole akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa kitanda akaridhika na maungio yake. Akazitazama taa muda mrefu. Nilisikia redio ya Twagirimana kwa mbali. Kisha akapeleka mkono kichwani, akafungua kitambaa chake cheusi, kile nilichomkuta nacho, na nywele zake zilikuwa nyeupe kabisa. Sikuwa nimewahi kuziona.

"Basi ataona njia," akasema. "Miye nimechoka kukaa mulangoni."

Akamkabidhi Wivine kile kitambaa. Wivine alikipokea kwa mikono miwili, na pale pale akaketi kwenye jiwe akalia kama mtoto wa shule ya msingi. Mama akamwacha alie. Alimshika tu kichwa, anatazama taa.

"Waambie shemeji zangu ba Walungu bakuye," akasema mwishowe. "Na bale mama ba jumuiya, kama bado beko na zile sufuria. Na kitenge, Papa Joviale, utafute kizuri. Usininunulie cha kaki."

Tulipoanza kurudi nilitaka tuzunguke kwa nje, tupite langoni. Mama akasema hapana, atapita hapa. Kwenye ukingo wa lami alisimama, akavua viatu vyake, akavishika mkononi, kama tunavyofanya mlangoni pa nyumba iliyofagiliwa. Wivine akamtazama. Alikuwa ameitembea piste ile na mabuti yake tangu ilipokuwa jiwe. Akainama, akafungua kamba, akayavua. Nami nikavua vyangu, ingawa soksi zangu zilikuwa na matundu na nilijua nitasemwa nyumbani.

Tukatembea katikati, sisi watatu, taa nyeupe kulia na kushoto. Lami ilikuwa imekunywa jua mchana kutwa na bado ilikuwa na joto chini ya nyayo.

"Iko na joto," mama akasema.

"Ni jua ya muchana, mama," Wivine akajibu.

"Najua," mama akasema. "Mbuzi walipenda kulala hapa." Na akaendelea kutembea polepole, akiuweka mguu wote chini kila hatua.